Hivi Viwili Haviendani

Sehemu ya kwanza tuliichora kwenye madaftari ya mistari,
chumba cha uani, Chang'ombe,
Sechelela kalala kifudifudi sakafuni
kwa sababu meza ilibeba kompyuta
na kompyuta ilibeba vumbi la wamiliki watatu.

Skana ilikuwa dukani kwa Mama Ndahani, nyuma ya soko la Majengo:
ukurasa shilingi mia tano, hapunguzi, hakopeshi.
Basi tukabana vyumba vinne kwenye ukurasa mmoja.
Ndiyo maana stesheni yetu ni finyu vile,
ndiyo maana karani wa tiketi huinamisha kichwa mlangoni.
Miaka baadaye kijana wa chuo aliniuliza
kama ufinyu ule ni taswira ya nchi.
Nikamwambia ni taswira ya mia tano.

Kazi yangu ilikuwa maneno.
Ukibofya saa ya ukutani, niseme kitu.
Ukibofya ndoo, niseme kitu.
Ukichukua kitunguu ukajaribu kufungulia kabati,
lazima mtu akukatalie, na mtu huyo nilikuwa mimi.
Niliandika "Hivi viwili haviendani",
nikainakili mara mia mbili na kumi na nne.
Sechelela akasoma, akanirudishia daftari:
"Hata hapana ina watoto. Zaa."

Nikazaa.
Kitunguu na kabati: "Kabati halina macho ya kulia."
Kuku na ratiba ya treni: "Kuku amekataa, na ana haki."
Zabibu na kufuli: "Subiri ziwe mvinyo, huenda kufuli likalegea."

Sehemu ya pili ilikufa mwezi Machi.
Umeme ulikatika, ukarudi na hasira,
diski ikanuka kama maharage yaliyoungua.
Tukachora upya kwa kukumbuka,
na mlima uliokuwa kushoto mwa dirisha
ukaangukia kulia. Hatukuona.
Wachezaji waliona.
Kutoka Manyoni, kutoka Kondoa, wakauliza:
nani kauhamisha mlima?
Wengine walikesha wakilibofya lile dirisha,
wakiamini ni fumbo.

Chilongani, aliyeandika programu, alitaka tuombe radhi.
Sechelela akasema: tusiombe, tujibu.
Kwa hiyo sehemu ya tatu nzima ni jibu la kosa:
msimamizi wa stesheni anaamka, mlima uko upande wa pili,
kumbe mlima haujaenda popote,
stesheni ndiyo iliyogeuzwa usiku.
Nani kaigeuza?
Hatukuwahi kujua. Tulikuwa bado tunajadiliana.

Mji ukahamiwa. Wizara zikaja na makasha yao,
kodi ya chumba cha uani ikapanda mara mbili kwa mwaka mmoja,
Chilongani akapata ajira Mtumba,
anatunza mfumo wa mishahara.
Haukosei, ananiambia,
kama mtu anayesimulia ugonjwa.
Sechelela anafundisha kuchora Mpwapwa.
Hatukugombana. Hadithi ingependa tugombane,
lakini ukweli ni kwamba siku moja
hakuna aliyekuja na ufunguo wa chumba.

Juzi, nikisubiri treni mpya, ile isiyo na moshi,
niliifungua sehemu ya kwanza kwenye simu.
Mtu asiyetufahamu kaitengeneza ikubali simu,
hakuna kipanya tena, unagusa kwa kidole.
Karani akainamisha kichwa.
Saa ya ukutani ikasema nilichoiandikia
nikiwa na miaka ishirini na mbili na njaa.

Nikachukua kitunguu, nikajaribu kwenye dirisha.
Hapo sikuwahi kuandika kitu, nina hakika,
nilizihesabu hapana zangu zote.
Maandishi yakajitokeza taratibu, si yangu,
yamekaa humo miaka kumi na sita:
"Wewe mwandishi, acha. Njoo ule kwanza."

Treni ikatangazwa.
Nikagusa tena.
Ikasema vilevile.